SOMO LA UFUNDI: VALI IKIVUJA, GARI HALIPANDI MLIMA

Leo tunajifunza juu ya vali za injini. Huenda utasema, "Mimi sina gari, somo hili la nini?" Ngoja kidogo. Mashine ya kusaga ya kijiji ina vali. Pikipiki inayompeleka mgonjwa zahanati ina vali. Basi unalopanda kwenda mnadani lina vali. Vali zikiharibika, vyote hivyo hukosa nguvu, na fedha zako hutoka mfukoni bila wewe kujua sababu.

Tutaanza na habari ya kikundi kimoja cha wakulima wa mboga, milimani katika Wilaya ya Lushoto. Habari hii tuliifuatilia wenyewe, kwa sababu wengi wa wanakikundi hao ni wahitimu wa kisomo.

GARI LA KIKUNDI

Wakulima hawa hulima kabichi na nyanya bondeni, penye maji. Barabara ya kwenda Soni iko juu. Basi mboga zote lazima zipandishwe kilima kirefu. Zamani walibeba kichwani.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 walinunua gari dogo la mizigo la petroli. Gari lenyewe ni la zamani. Lilitengenezwa miaka ya 1970, na lilikuwa limekaa bandani tangu mwaka 1999. Lilisafishwa, likawekwa betri na matairi, likawaka. Watu walifurahi sana.

Furaha haikudumu. Ilipofika mwezi wa Mei, gari likawa halipandi tena kilima na mzigo. Siku moja lilikwama katikati ya kilima likiwa na matenga ya nyanya. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Kabla ya kupata gari jingine siku 2 zilipita, na nyanya nyingi zikaoza.

Jambo baya zaidi, petroli ilikuwa inakwisha upesi. Mwezi wa Januari safari moja ilitumia lita 6. Mwezi wa Mei safari ile ile ilitumia lita 8. Maneno yakaanza chini chini: "Dereva anauza petroli." Kijana wa watu akatazamwa kama mwizi.

Fundi mmoja wa mjini akaitwa. Akasikiliza injini, akasema, "Injini imekufa. Nunueni nyingine. Kama hamtaki, nitaikata hedi iwe fupi, mtapata nguvu." Mzee Mwenyekiti akaitisha mkutano. Wakakubaliana wauze ng'ombe 2 wa kikundi wanunue injini.

Tulifika kijijini kwa ukaguzi wa darasa siku ya mkutano huo. Dereva akatufuata pembeni. Akasema, "Mwalimu, mimi sikuiba. Nimeandika kila kitu." Akatuonyesha daftari lake.

Daftari hilo ndilo lililookoa ng'ombe 2, likasafisha na jina la kijana. Lakini kabla ya kulifungua, hebu kwanza tujue vali ni nini.

VALI NI NINI?

Ndani ya injini kuna matundu marefu ya mviringo. Hizo ndizo silinda. Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Juu ya silinda kuna kifuniko kizito cha chuma. Mafundi hukiita silinda hedi, au hedi tu.

Katika hedi kuna milango. Mlango mmoja huingiza hewa na petroli. Mwingine hutoa moshi. Mlango huo ndio vali. Umbo lake ni kama uyoga: kichwa bapa na mguu mwembamba. Vali ikifunga, ukingo wa kichwa chake hukaa juu ya duara la chuma katika hedi. Duara hilo huitwa kiti cha vali. Mafundi wengi husema siti.

Injini hufanya kazi kwa hatua 4:

1. Pistoni inashuka, vali ya kuingizia iko wazi. Hewa na petroli zinaingia.
2. Pistoni inapanda, vali zote zimefunga. Hewa na petroli zinabanwa.
3. Plagi inatoa cheche. Moto unawaka na kuisukuma pistoni chini. Hapa ndipo nguvu inapotoka.
4. Pistoni inapanda tena, vali ya kutolea imefunguka. Moshi unatoka.

Angalia hatua ya 2 na ya 3. Vali zisipofunga sawasawa, hewa haibanwi. Moto nao huvujia pembeni badala ya kusukuma pistoni. Ni kama kupuliza moto kwa mvukuto uliotoboka. Utapuliza mpaka uchoke, makaa hayashiki.

Sasa tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara moja katika kila mizunguko 2. Yaani mara 1500 kwa dakika, au mara 25 kwa sekunde moja. Nayo vali ya kutolea moshi hupata joto kali kupita 700 za sentigredi. Chuma huiva kikawa chekundu.

Mbona haiyeyuki? Kwa sababu kila inapofunga hugusa kiti chake, na joto jingi linahamia katika hedi, kisha katika maji ya rejeta. Vali isiyokaa vizuri juu ya kiti haipati nafasi ya kupoa. Huungua ukingoni kama mdomo wa chungu uliomeguka. Ikimeguka kidogo inavuja. Ikivuja, inaungua zaidi.

DAFTARI LA DEREVA

Juu ya mguu wa vali kuna chuma kinachoisukuma ifunguke. Kati ya chuma hicho na mguu wa vali lazima pawe na nafasi ndogo. Mafundi huiita nafasi ya tapeti. Nafasi hiyo inatakiwa kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Pasipo na nafasi, mguu wa vali hurefuka, unagota juu, na vali haifungi tena. Vipimo hutofautiana. Kila injini ina chake katika kitabu chake.

Kitabu cha gari hili kilisema milimita 0.30 kwa vali ya kutolea. Dereva alipima kwa vibamba vya chuma vya kupimia, akaandika hivi kwa silinda ya 3:

4 Machi: nimeweka 0.30.
18 Machi: nimekuta 0.20. Nimerudisha 0.30.
1 Aprili: nimekuta 0.20 tena. Nimerudisha 0.30.
6 Mei: kibamba cha 0.05 hakipiti.

Siku zilizobaki za Aprili kazi zilikuwa nyingi, hakupima. Nafasi ikaisha kabisa.

Tukamwuliza, "Vyuma vya injini vikichakaa, kwa kawaida nafasi huongezeka na kelele huongezeka. Hii yako inapungua. Kwa nini?" Akasema, "Ndiyo nashangaa, Mwalimu. Injini ilikuwa kimya kabisa, nikadhani ni nzima."

Kumbe jibu ni hili: vali ilikuwa inazama. Kiti chake kilikuwa kinalika, vali inaingia ndani ya hedi kidogo kidogo, na mguu wake unatokeza juu. Ndiyo maana nafasi ilipungua. Mafundi wazee wana neno lao: heri tapeti inayopiga kelele kidogo kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa.

KWA NINI KITI KILILIKA?

Hapa inatubidi turudi nyuma.

Tarehe 9 Desemba 1921, huko Dayton nchini Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Thomas Midgley aliona kwamba petroli ikichanganywa na dawa yenye madini ya risasi, injini haigongi. Kuanzia mwaka 1923 petroli hiyo iliuzwa, na baadaye ikaenea dunia nzima. Risasi hiyo ilikuwa na kazi ya pili. Iliacha utando mwembamba juu ya viti vya vali, ikavikinga visilike. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa magari walikata kiti cha vali katika chuma laini cha hedi yenyewe, bila kuweka chuma kigumu.

Lakini risasi ni sumu. Ilitoka na moshi, watu wakaivuta. Inadhuru ubongo wa mtoto, na mtoto akidhurika hivyo hujifunza kwa shida. Watu wazima huwaongezea shinikizo la damu. Kwa hiyo nchi moja baada ya nyingine ziliacha petroli ya risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001, na ilipofika mwaka 2006 zikawa zimeacha. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, lilisimamia kazi hiyo.

Huo ni ushindi mkubwa kwa afya ya watoto wetu. Hatuwezi kutamani risasi irudi kwa ajili ya gari.

Ila gari la kikundi lilikuwa limelala tangu mwaka 1999. Lilipoamka, likapewa petroli ya siku hizi isiyo na risasi. Viti vyake laini vikakosa kinga. Na kazi yake ni kupanda kilima na mzigo, injini ikiunguruma kwa nguvu zote. Vikaliwa upesi.

KUPIMA MBANO

Mawazo hayatoshi, ni lazima kupima. Tulimshauri Mzee Mwenyekiti, "Mzee, kabla hujauza ng'ombe, tuazime kipimo cha mbano." Akakubali. Kipimo kikapatikana kwa mwalimu mmoja wa ufundi.

Kipimo hiki kina uso kama saa na mshale. Hutumika hivi:

1. Washa injini ipate moto, kisha uizime.
2. Toa plagi zote. Ondoa waya wa koili ili pasiwe na cheche.
3. Funga kipimo katika tundu la plagi ya silinda ya kwanza.
4. Mwenzako akanyage mafuta mpaka mwisho, azungushe injini kwa stata. Mshale ukisimama, soma na uandike.
5. Fanya hivyo kwa kila silinda.

Wanakikundi walikusanyika. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, akasoma mshale kwa sauti, na mwenzake akaandika ubaoni. Vipimo ni paundi kwa inchi ya mraba:

Silinda ya 1: 140
Silinda ya 2: 135
Silinda ya 3: 84
Silinda ya 4: 140

Silinda zinatakiwa zikaribiane. Tofauti ikizidi sana sehemu 10 kwa mia, kuna ugonjwa. Toa 84 katika 140, unapata 56. Hiyo 56 ni sehemu 40 kwa mia ya 140. Silinda ya 3 imepoteza karibu nusu ya mbano wake.

Lakini ugonjwa uko wapi? Huenda ni ringi za pistoni, huenda ni vali. Njia ya kujua ni rahisi. Mimina kijiko kimoja cha oili katika silinda hiyo, upime tena. Oili huziba kando ya pistoni. Mbano ukipanda sana, ringi zimechakaa. Usipopanda, ni vali. Kama silinda 2 zinazopakana zote ziko chini, shuku gasketi ya hedi.

Wakamimina oili. Mshale ukaonyesha 88 tu. Basi ni vali.

Mzee Mwenyekiti akauliza, "Na petroli je?" Tukamjibu kwamba wenye toroli wakiwa wanne na mmoja akalegea, watatu hutoka jasho la wanne. Silinda ikivuja, dereva hukanyaga zaidi ili apate nguvu ile ile, na petroli huungua bila kazi. Mzee akanyamaza. Halafu akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Kijana, tulikukosea. Utusamehe." Dereva akajibu, "Yamekwisha, Mzee." Ng'ombe hawakuuzwa.

KAZI ILIYOFANYIKA

Hedi ilifunguliwa. Vali ya kutolea ya silinda ya 3 ilikuwa imezama na kuungua ukingoni. Nyingine 3 za kutolea zilianza kuzama. Hedi ikapelekwa karakana moja mjini Tanga yenye mashine ya kukereza. Kazi ilikwenda hivi:

Kwanza, kila vali ilichomekwa katika kipande cha boksi chenye matundu yaliyoandikwa namba. Vali inayotumika tena hurudi mahali pake. Usizichanganye.

Pili, masizi yalikwanguliwa katika hedi na katika njia za hewa na moshi. Njia chafu ni kama mfereji ulioziba. Hewa haipiti vizuri.

Tatu, viti vya zamani vya kutolea vilikerezwa vikaondolewa. Mahali pake pakapigwa viti vya chuma kigumu. Pete ya kiti kipya hufanywa kubwa kidogo kuliko tundu. Pete hupozwa kwa barafu ili isinyae, na hedi hupashwa moto ili ipanuke. Zikirudia hali yake, pete hukamatwa barabara. Hii si kazi ya nyundo chini ya mwembe, ni kazi ya mashine.

Nne, zikawekwa vali mpya za kutolea, za chuma kinachostahimili joto. Mirija ambamo miguu ya vali hupita ilikuwa imelegea, nayo ikabadilishwa. Mirija ikilegea, vali huyumba na haikai sawa juu ya kiti. Tena oili hupenya, gari likatoa moshi wa bluu.

Tano, kiti kilikatwa kwa pembe 3: 30 juu, 45 katikati, 60 chini. Vali hukaa kwenye pembe ya 45. Pembe nyingine 2 husaidia hewa kupita bila kugonga kona. Hapa ndipo nguvu huongezeka kidogo bila kununua kitu kingine.

Sita, vali zilisagwa kwa dawa ya kusagia mpaka duara moja la kijivu likaonekana pande zote. Kisha dawa ikaoshwa yote. Dawa hiyo ni kama mchanga. Ikibaki, italika injini.

Saba, wakajaribu kwa mafuta ya taa. Yalimiminwa katika njia za hedi, wakangoja dakika chache. Hayakuvuja hata tone.

Mwisho, hedi ikafungwa kwa gasketi mpya. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa mkazo unaotajwa katika kitabu. Baada ya safari za kwanza, tapeti zilipimwa tena.

VIPI KUHUSU KUKATA HEDI?

Yule fundi hakusema uongo wote. Hedi ikipunguzwa, nafasi ya juu ya pistoni hupungua na mbano huongezeka. Mbano ukiongezeka, nguvu huongezeka. Lakini kukata hedi hakuzibi vali inayovuja. Na ukikata kupita kiasi, petroli huwaka kabla ya wakati, injini ikagonga, na pistoni ikaweza kutoboka. Vali nazo zinaweza kugongana na pistoni. Hedi ikatwe kidogo tu inapokuwa imepinda, ili ikae bapa, wala usipite kipimo cha kitabu.

Kwa hiyo kumbuka mpango huu: ziba kwanza, ongeza baadaye. Mwenye ndoo iliyotoboka haendi kununua ndoo kubwa. Huziba tundu.

MATOKEO

Mbano ulipimwa tena: 140, 140, 135, 140. Petroli ilirudi lita 6 kwa safari. Kilima kile kile kilichowashinda na gia ya kwanza, sasa gari lilikipanda na gia ya pili, na matenga yale yale. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya injini waliyotaka kununua.

Dereva anaendelea kupima tapeti na kuandika. Nafasi haipungui tena.

Nasi tunakukumbusha, ndugu msomaji: usioshe vyuma kwa petroli karibu na moto, wala usinyonye petroli kwa mdomo. Ukipelekewa habari kwamba injini imekufa, iwe ya gari, ya pikipiki au ya mashine ya kusaga, uliza swali moja, "Umepima?" Kama ni ndiyo, omba namba. Unajua kuzisoma.

MANENO YA KUKUMBUKA

Hedi: kifuniko cha chuma juu ya silinda.
Kiti cha vali: duara ambalo vali hukalia inapofunga.
Mbano: nguvu ya hewa iliyobanwa ndani ya silinda.
Nafasi ya tapeti: uwazi mdogo juu ya mguu wa vali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini vali isiyofunga vizuri huungua?
2. Injini ikizunguka mara 2000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara ngapi kwa dakika?
3. Gari moja limepimwa mbano: 150, 150, 75, 75. Silinda ya 3 na ya 4 zinapakana. Utashuku nini kwanza?
4. Nafasi ya tapeti inapungua kila mara unapopima. Hiyo ni dalili ya nini?
5. Mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina daftari? Nani huliandika, na linaandikwa nini?
6. Katika kikundi chenu, je, kuna mtu aliyewahi kushukiwa wizi kabla ya kupima na kuhesabu? Mlifanya nini?